Sumaku Nyuma ya Leso

Jumatatu, 6 Oktoba

Sumaku imefika. Imekuja ndani ya sanduku la mbao, na watu wa chuo walioileta wametupa onyo moja wakalirudia mpaka nikachoka: chuma kikae mbali. Hawajamaliza hata chai, ikanyakua makasi kutoka mfukoni mwa Sellah. Yalipaa hivi hivi tukitazama, yakajibamiza kwenye uso wake mweusi. Sellah, muuguzi mwenzangu, alicheka kwanza. Halafu akajishika kiunoni pale makasi yalipotoka.

Daktari Cheptoo anataka ripoti ya kila siku msimu huu wote wa majaribio. Hiyo nitaiandika kazini, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi. Haya ni yangu, ya mezani kwangu hapa Matisi, pembeni mwa Kitale, mke wangu Viola akipika na mvua ikipiga mabati.

Kazi yenyewe ni hii, nieleze mara moja niachane nayo. Mgonjwa wa utumbo mpana huingizwa mpira mrefu wenye kamera kwa njia ya nyuma, daktari autazame utumbo wote mpaka mwisho wake, huku kulia juu ya nyonga. Shida ni kona. Mpira ukisukumwa penye kona hujikunja kitanzi, tumbo likakaza kama ngoma, mgonjwa akapiga nduru, na mbele hauendi. Sasa kamera inavalishwa kikofia cha sumaku, na nje, juu ya tumbo, inaning'inizwa hii kubwa kwenye mkono wa mashine. Ya nje inaishika ya ndani. Ni kama mama anavyopitisha lastiki kwenye kiuno cha sketi: pini iko ndani ya kitambaa, vidole viko nje, na vidole ndivyo vinavyoongoza. Vidole hivyo ni mimi. Hospitali nzima nimefunzwa peke yangu, na sitajifanya mnyenyekevu, naiweza.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mgonjwa wa kwanza, fundi mstaafu wa matrekta. Kabla ya yote kuna swali: "Una chuma chochote mwilini?" Halafu tunampitishia fimbo inayolia, ile ya askari wa mlangoni mwa supamaketi.

"Chuma?" akasema mzee. "Ningekuwa nacho si ningeuza skrepu?"

Fimbo haikulia. Kamera ilipita kona zote ikafika mwisho bila mzee kukunja uso. Daktari Cheptoo, mtu asiyesifu hata chai nzuri, akasema, "Gathii, mkono wako ni mwepesi." Nimerudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara, tuktuk zikinipigia honi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mvua.

Jumapili, 12 Oktoba

Viola amerudi kutoka kwao Naitiri na matope mpaka magotini na uso umefungwa. Mama yake anatoa damu chooni. Si ya jana wala juzi, ni tangu wakati wa palizi, naye kanyamaza. Juzi alianguka shambani. Kaka yake, Mjomba Mukhwana, alimkuta ameketi kati ya mistari ya mahindi akisingizia kufunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa pata pata, ndara zisizo na kamba.

Walimpeleka Bungoma. Huko wakajaribu kamera ya kawaida ikakwama kwenye kona, akaumia mpaka wakaacha. Daktari wa huko alisema damu inatoka mbele zaidi, mahali ambapo hakufika, na kwamba kama ni uvimbe basi usisubiri mwaka mpya.

"Kitale kuna sumaku," Viola akasema hatimaye.

"Iko."

"Na mwenye kuishika ni nani?"

"Ni mimi."

Akafunika sufuria, ingawa ugali haukuwa umeiva.

Kwetu sisi Wakikuyu mama mkwe huheshimiwa. Kwa Wabukusu wa kina Viola heshima hiyo ina miguu: inakimbia. Mimi na mama mkwe wangu, Mama Wilkista, hatujawahi kushikana mikono. Nikiingia uani kwake yeye hupotelea nyuma ya ghala la mahindi, na salamu zinakuja kwa mdomo wa Viola: "Mama anauliza kama mlirara salama." Yuko pale pale, ukuta tu kati yetu, namsikia akikohoa! Kikohozi kifupi, kama mtu anayebisha hodi. Nilishawahi kumwambia Viola kwamba mamake namfahamu kwa kisigino na kikohozi. Siku ile alicheka. Leo sikuthubutu kurudia.

Jumatano, 15 Oktoba

Jirani ameanika mahindi kwenye turubai asubuhi, akayaanua adhuhuri, akayaanika tena, akayaanua. Ametukana mawingu ya Mlima Elgon kwa jina la mama yao.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naitiri, kikao cha familia. Mahindi yamekatwa na kusimamishwa shambani, na mvua imeyakuta humo. Mjomba Mukhwana alivunja hindi moja akanionyesha: punje zimeanza kuota zikiwa bado kwenye gunzi.

Nikawaeleza juu ya sumaku. Walisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye neno tumbo.

"Mkwe wetu," Mukhwana akasema, "wewe ni mtu umesoma na tunakupenda. Lakini mkwe aone mama mkwe tumbo? Hiyo haiko."

"Mjomba, ni kazi. Kila siku naona matumbo."

"Ya watu. Hii ni ya mama ya bibi yako."

Viola alikwenda nyuma ya ghala, akarudi. "Mama anasema heri aende kaburini na nguo yake mwilini."

Nikakasirika. Nimekua nikiambiwa nina hasira za karibu, na ni kweli. Nikasimama nikapaza sauti kuelekea ghalani: "Heshima gani hii inayochimbia mtu kaburi? Mama, damu yako inaisha!"

Hakuna mwanamume anayemfokea mama mkwe, hata kupitia ukuta. Viola alinifinya mkono mpaka nikaona nyota. Nyuma ya ghala kikohozi kile kikasikika mara moja.

"Mkwe," Mukhwana akasema taratibu, "umeongea na ghala. Ghala imesikia. Sasa keti ukunywe chai."

Jumanne, 21 Oktoba

Wagonjwa wawili. "Una chuma chochote mwilini?" Wa pili, mama wa sokoni, akasema chuma ni moyo wa mume wake, na huo hajaja nao. Sote tukacheka. Sumaku ikanyakua hereni ya Sellah iliyosahauliwa sikioni, ikamchana kidogo. Kicheko kikaisha.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mama Wilkista ameongezwa damu Bungoma. Mara ya pili sasa. Viola analala kule kwenye kiti cha plastiki, na mimi napika mayai kila siku kama kapera.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimepata njia! Imenijia nikivaa suruali. Mama anayepitisha lastiki haioni pini, anaijua kwa vidole. Mimi sihitaji kuona tumbo la mtu. Mkono wa mashine ninaushika kwa juu, njia ya kamera naiona kwenye skrini. Tutafunga leso, yaani khanga, kutoka upande huu wa kitanda hadi ule, Sellah na daktari wakae upande wa mama, mimi nikae upande wangu na skrini yangu. Nitafanya kazi kama mtu anayechota maji kisimani, mkono unajua kamba.

Daktari Cheptoo hakupenda. "Sitaki mtu wangu afanye kazi kama kipofu."

"Daktari, bila hivyo haji kabisa."

Alitazama majibu ya damu yaliyotumwa kutoka Bungoma. "Basi fimbo na maswali yafanywe sawasawa," akasema. "Hayo hayana mkwe."

Nimempigia Mukhwana. Amefikiri, nikamsikia akifikiri, halafu akasema, "Leso ni ukuta. Na ukuta ni ukuta."

Nimejivunia sana siku nzima.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mvua. Daraja la upande wa Naitiri limefunikwa na maji.

Jumapili, 2 Novemba

Swali la chuma lazima liulizwe mapema, kabla ya siku yenyewe. Mimi siwezi kumuuliza mama mkwe habari za mwili wake, kwa hiyo Viola, aliyerudi jana kufua nguo kwa kuwa mama ameruhusiwa kutoka Bungoma na yuko kwake Naitiri, akampigia simu, akaiweka sauti ya nje ili nisikie jibu kwa masikio yangu.

"Mayi, hospitali wanauliza kama uko na chuma ndani ya mwili. Chuma yoyote."

Upande ule kukawa kimya. Tulisikia mvua ya Naitiri kwenye mabati ya Naitiri. Ukimya ulikuwa mrefu, na mimi, koo likiniwasha, nikakohoa.

"Chuma gani?" akasema Mama Wilkista. "Mimi ni jembe?"

Viola akacheka, mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Nami nikacheka. Nikasema kimya kile kilikuwa cha mtandao.

Jumatano, 5 Novemba

Hakuna la kuandika. Mahindi ya jirani yananuka.

Jumatatu, 10 Novemba

Mama Wilkista ameletwa Kitale. Yuko wodini. Nilipita korido, nikaona wanawake wawili wamesimama mbele ya kitanda chake na leso zimetandazwa kama mbawa, ili nisione. Nikageuza uso kuelekea ukutani nikapita. Zamani ningecheka na kusimulia. Safari hii nilitembea upesi, kama mtu aliyeitwa na jina asilolipenda.

Sellah anasema ni mama mpole, anaomba radhi hata akipewa kikombe. Na anasema ni mwepesi kumwinua.

Alhamisi, 13 Novemba

Naandika haya kesho yake.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Viola alisema ni baraka. Tulimwingiza mama, leso ikafungwa kabla mimi sijaingia, leso ya rangi ya maji ya machungwa, yake mwenyewe, mpya, nadhani aliinunua kwa ajili ya siku hiyo. Niliingia nikasimama upande wangu. Nilimsikia akikohoa. Nikakohoa pia, ajue nimefika. Hiyo ndiyo salamu pekee tuliyowahi kupeana bila Viola katikati.

Sellah alipitisha fimbo. Nikaisikia ikilia.

"Ni nini?" nikauliza.

"Ngoja." Kitambaa kikapapaswa. "Ni pini. Amefunga hanchifu kwenye kamisi na pini ya usalama. Nimeitoa."

Hapa ndipo nilipokosea. Fimbo ilitakiwa ipitishwe tena. Mimi mwenyewe nimewafundisha watu: ikilia, ondoa ulichokipata, pitisha tena. Lakini nikawaza Sellah akirudia kuinua kamisi ya mama mkwe wangu na mimi nimesimama pale nikisikiliza kitambaa kikisogea, aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nikasema, "Basi, inatosha. Tuendelee."

Daktari Cheptoo alikuwa bado ananawa. Hakusikia.

Mama alipewa dawa ya kumtuliza, kidogo tu, kwa kuwa damu yake ilikuwa chini. Kamera ikaingia. Kona ya kwanza, ile iliyowashinda Bungoma, nikaipitisha kama maji. "Vizuri," akasema daktari. Kona ya pili. "Vizuri. Lete juu. Sasa vuka kulia." Nikavuta mkono wa mashine kuvuka tumbo nisiloliona.

Katikati ya safari mkono ukawa mzito.

Si uzito wa kamera. Ule naujua, ni kama samaki mdogo kwenye ndoano. Huu ulitoka mahali pengine, ukaja mara moja, ukakaza. Kwenye skrini kikofia changu kiliacha kufuata. Kamera ilikuwa inaangalia kushoto na sumaku ilikuwa imeshika kitu kulia.

"Gathii, umeniacha," daktari akasema.

"Sijaachia, daktari. Kuna kitu kimenishika."

"Kitu gani?"

Nilisikia pumzi upande wa pili. Pumzi ndefu kupitia puani, basi. Hakuna nduru. Mgonjwa angepiga kelele ningejua, ningeacha pale pale. Nikadhani ni mashine. Nikafanya lile ambalo mikono hufanya inaponaswa: nikavuta juu.

"Mungu wangu," Sellah akasema. "Mungu wangu, acha! Acha!"

Nikaipasua leso.

Tumbo la mama mkwe wangu lilikuwa mbele yangu. Chini ya mbavu za kulia kulikuwa na kovu la zamani, jeupe, lililokunjamana kama kitovu cha pili, na katikati yake ngozi ilikuwa imesimama kuifuata sumaku, imechongoka, damu ikichuruzika kutoka kwenye ncha. Nikasukuma mkono wa mashine pembeni kwa nguvu zangu zote. Ngozi ikashuka. Damu haikukoma.

Ndipo nikatazama juu. Alikuwa macho. Alikuwa amejaza pembe ya leso mdomoni, ameiuma, machozi yanatiririka kuingia masikioni. Sellah aliyaona, amenieleza baadaye, akadhani ni woga. Mama Wilkista alikuwa anavutwa nyama yake hai na hakutoa sauti, kwa sababu mkwe yuko nyuma ya kitambaa, na mama mkwe halii mbele ya mkwe.

Akatema leso. Tukaangaliana.

"Mwana wa wenyewe," akasema, "nirudishie leso yangu."

Nikamfunika. Hilo ndilo jambo moja tu nililofanya sawa siku hiyo. Daktari Cheptoo alikuwa ameshapiga kelele waandae chumba cha upasuaji, na tumbo lilikuwa limeanza kuvimba.

Ijumaa, 14 Novemba

Yu hai. Daktari wa upasuaji alifungua tumbo kuzuia damu, akatoa kipande cha risasi, kiini cha chuma, kirefu kama jino la mbwa. Na kwa kuwa tumbo lilikuwa wazi akapapasa utumbo, akakuta uvimbe pale mwisho kabisa, mahali tulipokuwa tunaelekea. Ameukata na kipande cha utumbo. Nyama yenyewe imepelekwa kupimwa.

Daktari Cheptoo aliniita. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza.

"Fimbo ililia?"

"Ililia."

"Ukasema nini?"

"Nikasema inatosha."

"Leso niliikubali mimi," akasema. "Hilo nitalijibu mimi. Lile la fimbo utalijibu wewe." Sumaku imerudishwa sandukuni.

Jumapili, 16 Novemba

Viola haongei nami. Ananiwekea chakula, anakwenda kukaa kwenye ngazi ya nyuma kutazama mvua.

Jumatano, 19 Novemba

Ameongea. Mama yake amemwambia.

Ni miaka ile ya vurugu za bunduki kule Mlima Elgon. Viola alikuwa msichana wa shule ya msingi. Mama yake alikuwa amepanda mlima kwa dada yake kununua viazi, na kwa wiki nyingi hakurudi. Watoto waliambiwa ana taifodi huko. Haikuwa taifodi. Alipigwa risasi akivuka shamba la watu, na hakuna aliyejua imetoka upande gani. Akauguzwa nyumbani kwa dada yake, kwa majani na maji ya chumvi, maana mwaka ule mtu mwenye tundu la risasi alikuwa anaulizwa ni ya nani, na jibu lolote lilikuwa na wenyewe wa kuja kulipiza. Marehemu mumewe alijua. Wengine hawakuambiwa.

"Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kwa simu," Viola akasema. "Mimi mtoto wake. Si nilimuuliza wazi, ati chuma yoyote?"

"Akasemaje?"

Viola aliniangalia kwa namna ambayo sitaisahau. Haikuwa chuki. Ni kama mtu anayetazama kikombe kilichovunjika na anajua nani alikiweka ukingoni.

"Alisema alikuwa amefungua mdomo aniambie. Halafu akasikia ukikohoa."

Alhamisi, 20 Novemba

Nimelia chooni kazini, maji ya bomba yakiwa wazi. Mimi niliyemfahamu kwa kikohozi sikuwahi kufikiri kwamba naye ananifahamu kwa changu.

Jumatatu, 24 Novemba

Mama Wilkista ameruhusiwa kwenda nyumbani. Mjomba Mukhwana alikuja kumchukua. Nilijificha dukani ng'ambo ya barabara mpaka gari likaondoka. Alinigundua hata hivyo, akaja akanunua soda mbili, akanipa moja.

"Mkwe, umeona kile hakionwi," akasema. "Sisi hatukulaani. Lakini aibu haikai hivi hivi nje, inataka kufunikwa. Utareta blanketi. Jipya, zito. Utampa mama, iishe."

"Na akikataa?"

"Blanketi? Na hii baridi?" Akanywa soda yake. Halafu akauliza, bila kunitazama, "Ile nyama walituma kupima, majibu inakuja kwa nani?"

"Kwa daktari. Halafu kwangu."

"Aa," akasema Mukhwana. Hakumaliza soda.

Ijumaa, 28 Novemba

Bado.

Jumanne, 2 Desemba

Bado. Jua limetoka, la kweli, la kuchoma shingo. Kitale nzima imeanika mahindi, hata mbele ya benki. Watu wanaimba na mimi sipendi kuwasikia.

Ijumaa, 5 Desemba

Majibu yamekuja: ni saratani. Daktari Cheptoo alinisomea mwenyewe, mlango umefungwa, pamoja na picha za ini zilizopigwa kabla mama hajatoka. "Ungepatikana wakati wa palizi, pengine," akasema. Halafu akasema jambo la haki: kwamba sumaku haikuleta huu ugonjwa. Najua. Lakini ilimletea wiki tatu za maumivu kati ya zile chache zilizobaki, na hilo halipo kwenye karatasi.

Viola nimemwambia jioni hii... nimefuta. Sijamwambia. Nimemwambia tu kesho twende kwao na blanketi.

Jumamosi, 6 Desemba

Naitiri kukavu. Mahindi waliyookoa ni ya rangi mbili, meupe na ya kijivu, na wanawake wameketi wakiyachambua, mabaya upande, mazuri upande. Tulipoingia uani kisigino kile kikapotea nyuma ya ghala, polepole kuliko zamani, mkono ukishika ukuta. Nikasikia anakaa chini, kisha punje zikaanza kuanguka kwenye karai. Anapukuchua kwa mikono.

Viola alikwenda kumsalimu. Akarudi uso umebadilika.

"Amenituma maji kisimani."

"Si mtungi umejaa?"

"Umejaa," Viola akasema. Akachukua ndoo akaenda, bila kugeuka nyuma. Nadhani alishajua tangu Matisi.

Nikabaki na ghala, blanketi kwapani.

"Mkwe."

Sauti yake si nzito kama nilivyodhani. Inafanana na ya Viola akiwa amechoka.

"Naam, Mama."

"Mimi nimemtoa Viola, maana huyo atalia kabla hajamaliza. Wewe ndiye umeona tumbo yangu, wewe ndiye utasema." Punje zikaanguka. "Kile chuma walinipatia. Niko nacho hapa, nimefunga kwa hanchifu, na pini. Imetoka. Sasa nakuuliza, mwana wa wenyewe. Kuna kitu ingine imebaki ndani?"

Msimu mzima nimewauliza watu swali hilo nikitabasamu. Nilisogea mpaka paji langu likakaribia udongo wa ukuta.

"Ipo, Mama. Imefika kwenye ini."

Punje zikaacha kuanguka. Kuku akapita. Huko shambani Mukhwana alikuwa anamwita mtu, alete magunia, alete upesi kabla mawingu hayajarudi.

"Dawa iko?"

"Ya kupunguza maumivu iko. Ya kuondoa, hapana."

"Basi umeongea vizuri," akasema. "Siku ile ulipigia ghala kelele. Reo umeongea vizuri." Akavuta pumzi, ile ndefu ya puani niliyoisikia nyuma ya leso. "Wewe umesimama na hilo blanketi mpaka lini? Zunguka huku. Hawa mahindi ni wengi na mikono yangu imechoka."

Nilicheka heshima yenye miguu miaka yote. Leo miguu iliyokataa ilikuwa yangu. Pembe ya ghala ilikuwa hatua chache tu, na nikajua kwamba ananiita kwa sababu hana tena wakati wa kunikimbia.

Nilikohoa kwanza, ajue nakuja. Halafu nikazunguka.